Kikapu Kilichorudi Wazi

Kila asubuhi Bibi Khampun alimfungia mkwe wake chakula kabla ya kumfungia mtu mwingine yeyote nyumbani. Aliutoa wali wa kunata kwenye mvuke, akaumwaga juu ya ubao, akaupepea mpaka mvuke ukapungua, kisha akaukusanya kwa viganja na kuutia kwenye kikapu kidogo cha mianzi chenye mfuniko na kamba. Pembeni aliweka vifuko vyake: samaki wa kuchoma, pilipili ya kutwanga, na kachumbari ya papai bichi iliyotiwa samaki wa mtungini. Huyo ni samaki anayelala kwenye chumvi na pumba mwaka mzima, na harufu yake humpokea mgeni tangu njia panda. Wageni wengi huishia hapo hapo njia panda.

"Ben, mwanangu," alikuwa akimwambia, maana Preben lilimshinda kulitamka, "ule wote. Usiwagawie hao rafiki zako."

"Nitakula wote, mama."

Preben alikuwa mtu wa Denmaki, mrefu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu kwao akamwoa mama mdogo Ratsami, mdogo wake mama yangu. Siku za kazi alikwenda mjini Udon kufundisha vijana kwenye chuo kimoja cha ufundi, bila malipo, kwa sababu alisema mikono isiyo na kazi inamtia wazimu. Mimi nililelewa na Bibi. Mama yangu yuko kiwandani Bangkok. Nilipomaliza shule ya msingi nilibaki nyumbani nikasaidia shamba, na nilipokuwa mkubwa nikapata kazi mjini ya kubeba sahani kwenye mkahawa wa Mjerumani nyuma ya stesheni ya treni.

Kijijini kwetu si Bibi peke yake mwenye mkwe Mzungu. Mkwe wa Bi Thongsuk, jirani yetu, alinunua friji yake mwenyewe akaitia kufuli, ndani mna jibini na soseji, na mkewe akitaka barafu anaomba ufunguo. Bibi alikuwa akiisimulia habari ya kufuli ile hekaluni, sokoni, hata msibani. Akishaimaliza huongeza, taratibu kabisa, "Wangu hana kufuli."

Na kweli hakuwa nayo. Siku ya harusi waliletewa nyama mbichi ya kukatwakatwa, imekolezwa damu na pilipili, na wazee wakamkazia macho yule bwana harusi waone atafanya nini. Alifinyanga tonge la wali kwa vidole kama alivyofundishwa, akachota, akatafuna, machozi yakamlenga. Akasema, "Mtamu." Watu wakapiga makofi. Bibi alilia siku ile, na si kwa pilipili.

Tangu hapo Preben akawa mhubiri. Akikutana na Wazungu wenzake haachi kuwachoma. "Mtu aliyehamia nchi ya watu na viazi vyake hajahama," alikuwa akisema. "Amelisafirisha tumbo tu."

Maneno hayo yalifika mpaka mkahawani kwetu, ambako Rolf, mwenye mkahawa, aliyapokea kwa kukuna kidevu, na Desmond akayapokea kwa kucheka. Desmond ni mzee wa Kiwelisi, wa kule Uingereza, anayekaa chini ya feni kila mchana. Ameishi Udon muda mrefu kuliko miti iliyopandwa barabarani, na hajawahi kula kitu chenye jani asilolijua jina. "Mimi sina ugomvi na chakula chao," alinieleza siku moja. "Hakijanichokoza, sijakichokoza." Halafu akaomba chipsi.

Basi nilishangaa, mvua za mwaka jana zilipoanza, kumwona baba mdogo Preben akiingia kwa mlango wa mbele, maji yakimchuruzika, akakaa mezani kule pembeni bila kumsalimia mtu. Nyumbani tulikuwa tumepata habari wiki hiyo kwamba mama yake amefariki huko kwao, naye hakuwahi kuzika. Bibi alimfungia uzi mweupe mkononi kumtuliza roho, na ule uzi alikuwa nao bado.

Alimwagiza Rolf nguruwe wa kuoka, ngozi yake imekauka mpaka inalia, na viazi vya kuchemsha, na mchuzi mzito wa rangi ya kahawia. Nilimpelekea mimi. Hakuniangalia. Alikula polepole, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayemsikiliza mwingine akiongea chumba cha pili. Alipomaliza akachukua kipande cha mkate, akaifuta sahani mpaka ikang'aa. Ndipo akainua macho akaniona.

"Lamyai," akasema. Masikio yalikuwa mekundu. "Usimwambie mama."

"Nisimwambie nini, baba mdogo?"

"Viazi."

Ingekuwa ni siku ile tu, yangekwisha. Lakini alirudi wiki ileile, na wiki iliyofuata akarudi tena, mpaka Rolf akawa hamwulizi anataka nini. Desmond akapata starehe ya uzeeni. Preben akichungulia tu mlangoni, huyo anaanza: "Karibu, mtoto wa kijiji. Leo umelisafirisha tumbo kwa basi au kwa pikipiki?" Preben hakumjibu hata mara moja. Alikuwa anakaa, anavaa kitambaa kifuani, anasubiri adhabu yake na sahani yake.

Tatizo likawa kikapu. Siku ya kwanza alikileta jikoni amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Wali huu nikiutupa..."

"Wali hautupwi, baba mdogo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Kwetu wali una mama yake anayeishi ndani ya punje, na mtoto akiangusha punje chini ya mkeka anaambiwa aitafute aombe radhi. Kwa hiyo nilikula. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlango wa nyuma, nikala chakula alichofungiwa mtu mwingine. Na kilikuwa kitamu, hilo ndilo baya. Bibi alimchagulia Ben mgongo wa samaki, sehemu isiyo na miiba, kwa sababu vidole vya Mzungu havijui kuchambua. Mimi hakuwahi kunichambulia tangu nilipoota meno. Nikimaliza nilikung'uta kikapu, nikakifunika, nikaifunga kamba, nikamrudishia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Jioni Bibi alikipindua kikapu juu ya kiganja chake. Haikudondoka hata punje. Alicheka peke yake kama msichana.

"Ben, umekula wali?" Hivyo ndivyo tunavyosalimiana kwetu, huhitaji kuwa na njaa ili uulizwe.

"Nimekula, mama."

Alijibu huku anakiangalia kikapu. Mimi hakuniangalia, na mimi sikumwangalia yeye, na kwa kutoangaliana huko mtu mwenye akili angetugundua siku ya kwanza.

Baada ya hapo vyuma vikaanza. Kila alipokula viazi, nyumba yetu ilipata kitu kipya cha chuma. Alichomelea lango. Alichomelea banda la kuku lenye milango miwili, kuku wenyewe wakachanganyikiwa. Aliitengenezea ngazi mkono wa kushikia ili Bibi asiteleze. Mwisho akaujengea mtungi wa samaki kibanda chake, kina miguu minne na paa la bati, akakipaka rangi ya kijani.

"Mkwe gani huyu," Bibi aliwaambia majirani, "hapumziki. Ona, hata samaki wangu wana nyumba."

Preben alikuwa pale na brashi mkononi. Alirudia kupaka mguu ambao alikuwa ameshaupaka.

Siku mambo yalipoharibika, basi zima la watalii liliharibika karibu na stesheni na wote wakaingia kwetu kula. Sikupata nafasi hata ya kunywa maji. Preben aliningoja jikoni, akaona saa ya kipindi chake inafika, akakichukua kikapu akaondoka nacho. Alichokifanya alikuja kunisimulia baadaye. Alikwenda kwenye bwawa la hekalu, pale watu wanapowalishia kambare kujipatia thawabu, akawamwagia wali wa Bibi wote. Aliona hiyo si kutupa. Halafu alikitundika kikapu kwenye usukani wa pikipiki, mfuniko ukining'inia kwa kamba yake, akaja nacho hivyo mpaka nyumbani, kikapu kimeachama mdomo kijiji kizima kikikiona.

Mtu wa kwetu, hata mtoto anayetambaa, anajua kwamba anayekula wali akaacha kikapu wazi ataachana na mwenziwe. Hatuliongelei sana jambo hilo. Tunafunika tu. Yeye alikuwa ameshaambiwa, lakini aliambiwa kama mgeni anavyoambiwa mambo, yakaingia na mengine yote.

Mama mdogo Ratsami alikuwa uani anaanika nguo. Aliliacha shati ndooni.

"Ben, nani amekifungua hiki?"

"Mimi."

"Na kukifunika?"

"Nimesahau. Samahani."

Ratsami alimsogelea kama anataka kumpangusa vumbi begani, akamnusa. Shati la Preben lilikuwa na harufu ya siagi iliyopashwa moto, na majani fulani ya kizungu anayoyatumia Rolf. Harufu hizo nyumbani kwetu hazipo. Alirudi kwenye nguo zake, akaikamua suruali moja mpaka nikaionea huruma.

Baadaye tulikuwa tunaosha vyombo, mimi na yeye.

"Lamyai, wewe uko mjini kila siku. Ni nani?"

"Hakuna mwanamke, mama mdogo."

"Sikukuuliza kama yupo. Nimekuuliza ni nani."

"Kweli hakuna."

"Anarudi hana njaa. Anasukutua mdomo kabla hajanisalimia. Ananijengea malango. Mwanamume anayejenga malango hivi ana pengine anapopitia." Alinitazama sana. "Kama si mwanamke, ni kitu gani?"

Nilisugua sufuria. Neno moja tu lilitosha kumwokoa Preben mbele ya mkewe, na neno hilohilo lingeanguka juu ya Bibi, ambaye nilimsikia ndani akisokota kamba mpya, nyekundu, akijisemea kwamba kosa ni la kamba ya zamani iliyolegea. Nililigeuza neno mdomoni mpaka maji ya vyombo yakapoa. Ratsami akachoka kungoja, akaondoka.

Asubuhi Bibi akafunga kikapu kwa kamba yake nyekundu. Preben aliondoka, na mimi nikaondoka. Kumbe kifuko cha pilipili kilisahaulika juu ya ubao. Bibi alipokiona hakutulia. Atakulaje bila pilipili, chakula kitamkwama. Ratsami, aliyekuwa anatafuta sababu ya kwenda mjini tangu alfajiri, akawasha pikipiki, akampakia mama yake. Chuoni mlinzi akawaambia mwalimu Ben hali chakula hapo. Mchana huenda kwa Mjerumani, nyuma ya stesheni. "Siku zote," akaongeza, kwa kutaka kusaidia.

Mimi nilikuwa kwenye ndoo yangu. Nilikuwa nimeshafinyanga tonge, nimelichovya, nimelitia mdomoni, nikasikia kandambili ninazozijua. Bibi haingii mahali pa watu kwa mlango wa mbele. Alitokea uchochoroni, kwenye mlango wa nyuma, kifuko cha pilipili mkononi.

"Lamyai, umekula wali?"

Alikuwa ameshalitoa swali kabla hajaona. Halafu akaona. Kikapu kilikuwa mapajani mwangu, na kamba yake nyekundu ilikuwa imeninasa kidoleni. Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Sikuweza kumeza wala kutema, na macho yangu yakaanza kuuma.

Bibi alikiangalia kikapu, akaniangalia mashavu. Aliinama akaniwekea kile kifuko kwenye goti.

"Basi hii hapa," akasema. "Bila pilipili hakinogi."

Kule mbele sauti ya Ratsami ilikuwa imeshaingia.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?" Hiyo ilikuwa sauti ya Desmond.

"Huyo mwanamke."

Nilimeza nikamfuata Bibi hadi mlango wa jikoni. Preben alikuwa amesimama, kitambaa kifuani, mchuzi kwenye masharubu. Ratsami aliangalia kiti cha mbele ya mumewe. Palikuwa na kofia ya pikipiki. Akachungulia nyuma ya pazia la choo, akarudi, akakiangalia tena kile kiti.

"Huyo hapo mezani, shemeji," alisema Desmond. "Ameokwa pamoja na ngozi yake."

"Desmond, nyamaza," alisema Rolf.

Ratsami akaiangalia sahani. Aliangalia viazi, kabichi nyekundu, lile pande la nguruwe lililoliwa nusu, ukingo wa sahani umeshafutwa kwa mkate. Uso ulimlegea, akacheka, akashika meza kwa kucheka. "Viazi," akasema. "Ben, mimi silali, kumbe viazi?" Na Preben naye akaanza kutabasamu, mpaka mkewe alipogeuka akamwona mama yake mlangoni. Kicheko kikakatika.

Bibi alivuka ule ukumbi taratibu. Aliondoa kofia kwenye kiti, akakaa. Alichukua kijiko cha Preben, akachota kiazi na mchuzi, akaonja. Alikizungusha kinywani muda mrefu. Feni ilikuwa inazunguka, na Desmond, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anaangalia miguu yake.

"Laini," akasema Bibi. "Hakina ukali wowote. Ni kama chakula cha mgonjwa." Alikirudisha kijiko palepale alipokitoa. "Ben, mwanangu. Unaumwa?"

Kila mtu aliona Bibi anamfungulia mlango wa kutokea. Nadhani hata Rolf, ambaye hasikii vizuri lugha yetu, aliuona. Preben alitazama mlangoni nilipokuwa mimi. Nilikuwa bado nimekishika kikapu.

"Ndiyo, mama," akasema. "Tumbo."

"Tangu lini?"

"Tangu zile mvua."

"Na changu ulikuwa unakula hivyohivyo, na tumbo linauma?"

"Nilikuwa nakula."

Ratsami alimwekea mkono mgongoni. "Si ungesema," akamwambia, na sauti yake ilikuwa imejaa huruma na furaha pamoja. Walitoka kwa mlango wa mbele, wote watatu, na Ratsami akarudi mara moja kukichukua kikapu mkononi mwangu. Akakifunika mwenyewe, akakikandamiza mara mbili.

Hivyo ndoa ikapona. Ningesema na sisi wengine tulipona, lakini asubuhi iliyofuata nyumbani hakukusikika mchi.

Kinu kilikuwa kimelazwa ubavu. Bibi alikuwa amepika uji wa mchele mweupe, hauna hata kitunguu, akamwekea Preben kwenye bakuli, akakaa pembeni kuhakikisha anamaliza. Siku ya pili yake uji. Ya tatu uji. Sisi wengine tulikula wali kwa chumvi na mboga za kuchemsha, kwa sababu Bibi hakutaka harufu ya pilipili imtie mgonjwa tamaa. Alimwuliza kila jioni, "Tumbo?" badala ya kumwuliza wali. Naye akajibu, "Afadhali, mama," na shingo yake ikazidi kuwa fupi.

Bi Thongsuk hakuchelewa. Alikuja na ndizi, kwa jina la kumjulia hali mgonjwa.

"Nasikia mtungi umemwumiza Mzungu wako," akasema.

"Tumbo la mtu halisemeki," akasema Bibi.

"Ndiyo maana wa kwangu alileta friji. Mimi nilimcheka, kumbe mwenzangu anajikinga."

Nilingoja Bibi aseme lile neno lake la kufuli. Alimenya ndizi. Alimpa Bi Thongsuk nusu.

Preben alikuwa uani anachomelea. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa anatengeneza lango jingine, la uzio wa nyuma, mahali ambapo hapana njia. Nilimpelekea maji.

"Baba mdogo, lango hilo la kwenda wapi?"

Aliivua kofia yake ya kuchomelea. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa kazi. "Sijui," akasema. "Lamyai, mama amewaambia hekaluni. Amewaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyeniumiza."

"Nimesikia."

"Kwa nini hakunitukana tu pale mkahawani?"

Nilichukua bilauri yangu. Wali wa chumvi nao nilikuwa naula polepole siku hizo, nikikumbuka ni migongo ya samaki mingapi niliyoila nikiwa nimekaa kwenye ndoo.

Asubuhi moja, jua bado changa, tulisikia bati linagongwa. Bibi alikuwa kwenye kile kibanda cha kijani. Alikuwa ameukumbatia mtungi, anauzungusha ukingoni, kidogo kidogo, kuelekea kwenye migomba. Harufu ilikuwa imeamka. La kuvunda halina ubani, wanasema, lakini ile ndiyo harufu niliyokulia, na niliposikia maji yake yanamwagika nikatoka mpaka penye kinu.

Preben alitoka miguu mitupu.

"Mama, acha."

"Huu ndio uliokuumiza."

"Haukuniumiza." Alishika mdomo wa mtungi kwa mikono yote miwili. Maji ya samaki yakamtiririkia vidoleni. "Haukuniumiza, mama. Sijaula. Mimi siumwi. Tumbo langu ni zima kabisa. Chakula chako nilikuwa nampa Lamyai, na mimi nikila viazi, kwa sababu... mama yangu alipika vile. Mwanzo ilikuwa kwa ajili yake. Baadaye nilivitaka tu."

Ratsami alikuwa ngazini, ameushika ule mkono wa chuma. Bibi hakuuachia mtungi, wala Preben hakuuachia. Walikuwa wameukumbatia wote wawili kama mtoto anayegombaniwa.

"Najua," akasema Bibi. "Mgonjwa haifuti sahani kwa mkate. Niliuona ukingo wake."

"Sasa kwa nini..."

"Nilikupa pa kutokea. Watu walikuwa wanakuangalia. Nikasema, akishatoka atageuka aniambie, tukiwa wawili." Alipumua. "Nikakungoja. Unanywa uji, unaniambia afadhali. Nikaona basi, acha niwe nimekuumiza, kama hivyo ndivyo utakavyolala usingizi."

"Sikulala."

"Hata mimi."

Halafu akageuka upande wangu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kinu.

"Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nampikia huyu." Aliniangalia kama ananipima nguo. "Ulikuwa mtamu?"

"Mtamu, Bibi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Haya. Angalau haukutupwa."

"Siku moja niliwapa kambare wa hekalu," akasema Preben. Hakuna aliyemwuliza. Ratsami kule ngazini alifumba macho.

"Kambare nao ni viumbe," akasema Bibi, akauachia mtungi.

Preben aliuinua peke yake akaurudisha kwenye kibanda chake. Nusu ya maji ilikuwa imekwenda kwenye migomba. Alibaki amesimama mbele ya Bibi, mikono inanuka, amekiinamisha kile kichwa chake kirefu.

"Nigombeze, mama."

"Mkwe hagombezwi," akasema Bibi. "Anayegombezwa ni mtoto." Alichukua ufagio akaanza kufagia maji ya samaki. "Ratsami, mnunulie mumeo friji."

"Na kufuli?" aliuliza Ratsami, akijaribu mzaha.

"Kufuli ya nini? Nani ataiba viazi?"

Friji ikaja, ikawekwa chini ya ngazi. Ratsami amejifunza kuchemsha viazi, mara nyingine vinamwungulia, na Preben anavila bila kulalamika. Mkahawani haendi sana. Desmond ananiuliza habari zake, na nikimwambia ni mzima anasema, "Mpelekee salamu," bila kejeli yoyote, jambo linalonitia wasiwasi. Kinu kimesimama tena. Asubuhi Bibi ananifungia mimi kikapu chenye kamba nyekundu, na mgongo wa samaki umo, amenichambulia. Sijawahi kuumaliza bila kusita kidogo.

"Umekula wali?" ananiuliza nikirudi.

Preben naye Bibi anamwuliza, "Umelala salama?" au, "Kazi zinaendaje?" Ni maswali mazuri. Hata afisa wa wilaya akija anaulizwa hayo.

Juzi jioni tuliketi kwenye mkeka, na Preben akatoka kwenye friji yake, akaja akakaa nasi. Bibi akamsogezea sahani, kijiko na uma. Sisi tulikuwa tunakula kwa mkono. Aliviweka vile vyombo pembeni, akachukua wali kikapuni, akafinyanga, akachovya kwenye kachumbari ya samaki wa mtungini mpaka chini kabisa, penye ukali wenyewe. Alitafuna. Machozi yakamlenga, kama siku ya harusi.

"Mtamu, mama."

"Usijilazimishe, mkwe," akasema Bibi kwa upole, akamsogezea maji.

Preben alikunywa maji. Kisha alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta kazi ya mikono, akauona mfuniko kando ya kikapu kilichokuwa wazi. Aliuchukua akakifunika kikapu, akaukandamiza kwa kiganja, akaacha kiganja palepale juu yake. Sisi bado tulikuwa tunakula. Ratsami alimtazama mama yake, na Bibi akatazama kile kiganja kikubwa chenye makovu ya moto. Tulikaa na vidole vitupu, tukamngoja mpaka alipouondoa mkono mwenyewe.